Nyuzi za Raketi ya Sista Perpetua

Jumamosi, 3 Juni

Vumbi. Tumecheza seti moja tu. Uzi wa raketi ya Perpetua umekatika tena, katikati kabisa, palepale anapopigia. Tumeufunga fundo. Fundo halikudumu.

Nilikuwa nimeshindwa tayari. Kila Jumamosi baada ya kufua nashindwa mimi. Ndivyo ilivyo tangu Padre mzee aliporudi kwao na kutuachia raketi mbili za mbao na uwanja wa changarawe nyuma ya ghala la misheni. Watu wa Ntobeye mwanzoni walikuja kucheka: mwalimu mjane wa hesabu na mtawa muuguzi wakikimbizana na mpira kama watoto. Siku hizi hawageuki hata kutazama. Wana mengine ya kutazama. Malori yanapita kutwa kwenda kambini kwa wakimbizi, na mlima wa pili umebaki kipara, miti yote imekwenda kuni.

Mpira wake ndio unaonimaliza. Anaupiga kutoka chini kwenda juu, kama anayekwangua sufuria. Mpira unapanda, nasema huo unatoka nje, kumbe unazama ghafla mbele yangu. Ukidunda unanirukia begani. Unakuja unajiviringa kama una chuki binafsi na mimi.

Leo uzi ulipokatika mpira haukuzama tena. Ulinyooka hadi kwenye mihogo. Mtu yuleyule, mkono uleule. Kumbe si mkono peke yake.

Jumapili, 4 Juni

Baada ya misa nimemwuliza Paroko kama kuna nyuzi za raketi popote. Hakuna. Alinitazama kama nimeulizia theluji. Kambini watu wanakufa kwa kuhara, mimi naulizia nyuzi. Nimeona aibu. Bado nazitaka.

Jumamosi, 17 Juni

Nimerudi jana kutoka Nyamigogo kumwona dada. Sokoni Biharamulo nilipata mshipi wa kuvulia, ule mwembamba unaong'aa, wanaotumia wavuvi wa ziwa Burigi. Tumeifunga raketi yote upya. Perpetua alivuta kwa koleo, mimi nikazuia kwa msumari. Vidole vimechanika.

Haikufaa. Mshipi unalegea. Mpira ukigusa, nyuzi zinasogea upande na kubaki hukohuko. Kila baada ya pigo ilibidi asimame azipange kwa vidole, kama mwanamke anayenyoosha ukili wa mkeka. Mpira unatoka mzitomzito, haujiviringi, hauna nia.

Nimeshinda. Ushindi wa bure.

Jumatano, 21 Juni

Sijui nianzie wapi. Perpetua amempata kaka yake.

Perpetua ni Mrundi. Alivuka mpaka akiwa mtoto wa shule, na shangazi yake, mwaka ule wa mauaji kwao. Kaka yake Silivesta alibaki nyuma. Waliambiwa ameuawa. Shangazi naye akafa, masista wakamlea, naye akawa sista. Hayo nilikuwa nayajua. Nilijua pia kwamba kila mwaka anamtolea kaka huyo misa ya marehemu. Nimehudhuria mwenyewe.

Jana alikuwa zahanati ya kambini akichoma sindano. Nyuma ya turubai mtu akaanza kupiga inanga, ule ubao wa nyuzi ambao wazee wetu huku nao walikuwa nao. Aliimba kwa kunong'ona, kama wanavyoimba Warundi. Wimbo wa ng'ombe. Baba yao aliutunga mwenyewe, juu ya ng'ombe wake mwenyewe. Hakuna mtu mwingine duniani wa kuujua.

Alitoka nje akamwuliza mpigaji jina la baba yake. Akalitaja.

Amenieleza haya akiwa amesimama mlangoni kwangu. Hakutaka kukaa. Hakulia. Nimelia mimi.

Jumamosi, 24 Juni

Hakuja. Yuko kambini. Nimepiga mpira kwenye ukuta wa ghala mpaka mkono ukauma.

Namwonea wivu mkimbizi mgonjwa. Naandika hivyohivyo. Nina rafiki mmoja tu katika wilaya hii yote.

Jumamosi, 1 Julai

Nimekwenda naye kambini, na gari la masista. Moshi na maturubai ya bluu mpaka jicho linachoka.

Silivesta amekonda. Kifua kinamtesa. Mke alifia njiani. Ana mabinti wawili: Speransia, ambaye anapika na kuteka maji kama mtu mzima, na Jenerosa, mdogo, ambaye hatoi mkono wake kwenye sketi ya dada yake. Nilisema "Amahoro," wakaitikia. Kirundi na Kihangaza chetu ni watoto wa mama mmoja, sikupata shida.

Shida ilikuwa nyingine. Silivesta anamwita Perpetua "Sista," kama wagonjwa wote. Anamshukuru kwa dawa. Anaongea na mimi, si na yeye.

"Ameniombea kama maiti miaka yote," aliniambia. "Ndiyo maana nakohoa."

Alitabasamu aliposema. Hakuna aliyecheka. Perpetua alikuwa anakunja blanketi. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

Halafu Silivesta akaona raketi kwenye kikapu. Akaichukua, akagusa nyuzi kwa kidole gumba kama anavyogusa inanga. Akakunja uso. "Nani amefunga hii? Inalia kama kopo."

Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama dada yake usoni. Alitaka kujua ni chombo gani.

Jumamosi, 15 Julai

Ametengeneza nyuzi. Za utumbo wa ng'ombe, kama za inanga yake. Perpetua alileta utumbo kutoka machinjioni Mbuba. Silivesta akaukwangua, akaulowesha, akausokota, akautandaza ukauke kati ya miti miwili. Amezifunga kwenye raketi kwa kusikiliza. Anavuta, anagusa, anatega sikio, anavuta tena. Sauti mpaka zikubaliane.

Mimi ndiye niliyemwagiza asizilainishe. Nilifikiri uzi wenye makwaruzo utaukamata mpira vizuri, kama ulimi wa ng'ombe unavyokamata majani. Perpetua alikubali. Silivesta naye akasema inaelekea.

Tumekosea wote. Nyuzi za wima na za mlalo zimeumana. Hazisogei hata kidogo. Mpira unagonga na kuondoka bapa, unatoka nje ya mstari kila mara. Perpetua alijitahidi, jasho likamtoka. Hauzami.

Hata hivyo alikuwa na furaha. "Amezishika yeye," alisema. Basi.

Jumamosi, 29 Julai

Niandike haraka kabla sijasahau.

Kiangazi kimezikausha zile nyuzi, zikaanza kupasuka. Silivesta akazipiga msasa kwa majani makavu, akazipaka samli, kila uzi, juu na chini. Kazi yake ilikuwa kuziokoa zisikatike. Hakuna aliyewaza kingine.

Leo pigo la kwanza mpira ulipanda juu ya kichwa changu. Nikaucheka. Ukaanguka ndani ya mstari kama jiwe, ukaniruka. La pili vilevile. La tatu nikaangusha raketi nikakaa chini.

Nimeupaka mpira nusu wino wa bluu ili nione unavyozunguka. Kwa raketi yangu naona bluu, nyeupe, bluu, naweza kufuata. Kwa yake sioni rangi. Naona ukungu.

Nikamwomba asimame anipigie taratibu, nikainama pembeni nikitazama nyuzi. Nadhani nimeelewa. Mpira ukiingia huku raketi inapanda, unazisukuma nyuzi za wima kando. Kwa kuwa samli inaziachia ziteleze, na kwa kuwa zimekazwa sawasawa, zinarudi mahali pake kwa nguvu wakati mpira bado haujaondoka. Kule kurudi ndiko kunakouviringisha. Mshipi ulisogea lakini haukurudi. Zile zenye makwaruzo hazikusogea kabisa. Unaweza hata kusikia: tik, ndogo, ndani ya pigo.

Nimeshindwa vibaya kuliko siku zote. Nimefurahi mpaka nikaona haya.

Jumamosi, 12 Agosti

Silivesta alipewa kibali cha kuja kupigwa picha ya kifua hospitali ya misheni. Wakati wa kurudi Perpetua alimwomba dereva asimame uwanjani.

Alikaa kwenye jiwe, koti limefungwa hadi shingoni na jua linawaka. Alitazama kidogo, kisha akafumba macho. Alikuwa anasikiliza. Perpetua hajawahi kucheza vile. Kila pigo alikuwa anampigia yeye.

Tulipomaliza alisema bila kufumbua macho: "Ule wa pili kutoka kushoto umelegea, mushiki wanje."

Dada yangu. Perpetua alisimama palepale na raketi mkononi.

Kisha yakatoka. Siku ile waliyokimbia, Silivesta alikuwa migombani, amejificha. Aliwaona wakipita, shangazi amemshika Perpetua mkono. Perpetua akageuka, akatazama upande wake. Halafu wakaendelea.

"Nilidhani uliniona," alisema.

"Sikukuona."

"Uligeuka."

"Niligeuka kukutafuta. Sikukuona, Silivesta."

Silivesta akafumbua macho. Akaomba maji. Tulikunywa wote watatu kwenye kata moja, dereva akipiga honi.

Jumanne, 29 Agosti

Ametapika damu. Perpetua amehamia wodini. Mama Mkuu amemruhusu.

Jumamosi, 9 Septemba

Nimewapelekea uji na ndizi. Silivesta ananong'ona tu. Aliniuliza kama mpira bado unazama. Nikasema ndiyo. Hatujacheza tangu augue. Nimedanganya na sijutii.

Mabinti wanaletwa siku za kutembelea wagonjwa. Speransia anamkanda baba yake miguu kwa samli. Jenerosa amehamisha mkono wake kutoka sketi ya dada yake kwenda kanzu ya Perpetua.

Niliuona ule mkono. Sijui kwa nini nauandika.

Jumatano, 4 Oktoba

Mvua ya kwanza. Harufu nzuri, moyo mzito.

Raketi ya Perpetua ilikuwa imetundikwa ghalani, na paa linavuja. Nyuzi zimekunywa maji, zimevimba, zimelegea, zimerudi kuwa utumbo. Nimezigusa. Hazitoi sauti yoyote. Sijamwambia.

Alhamisi, 12 Oktoba

Silivesta amefariki asubuhi.

Ijumaa, 13 Oktoba

Tumemzika kule kambini, kwenye mteremko. Makaburi mengi, misalaba ya fito. Mvua. Vijana wa kwao walibeba. Perpetua aliongoza sala kwa sauti kavu, hakukosea neno. Alipofika pa kutaja jina la marehemu alinyamaza. Watu wakangoja. Alikuwa amelitaja mara nyingi sana katika misa za miaka yote ile, kaka yake akiwa hai. Leo halikutoka.

Speransia ndiye aliyelitaja.

Jumamosi, 28 Oktoba

Amekuja jioni, mikono mitupu. Ameomba afunguliwe nadhiri. Anakwenda kukaa kambini na mabinti.

Nimekasirika. Nilimwambia maneno. Kwamba utawa si koti la kuvua. Kwamba wagonjwa wangapi wanamtegemea. Kwamba kambi si mahali pa mtu anayeweza kuishi kwingine. Alinisikiliza kama anavyosikiliza mgonjwa mwenye homa.

"Nipe mimi," nikasema. "Nitawalea hapa. Nina nyumba. Sina mtoto. Wewe utawaona kila siku."

"Hawaruhusiwi kuishi vijijini, Adelina. Unajua."

"Tutaomba."

"Tukikubaliwa, watakuwa wameachwa na nani safari hii?"

Nikamwambia aende, basi. Akaenda.

Nimejisikia vibaya kuanzia alipofika kwenye mgomba wa kwanza. Sikumwita.

Jumatatu, 30 Oktoba

Nimekwenda konventi kabla ya vipindi. Nilimkuta anafua mashuka ya wodi. Nikakunja mikono ya gauni, nikakamata upande wa pili wa shuka, tukakamua. Tulikamua mashuka yote.

Jumamosi, 18 Novemba

Jibu limekuja. Amekubaliwa.

Tumecheza mara ya mwisho. Mvua ilikatika mchana, uwanja una madimbwi. Nyuzi alikuwa amezikausha juu ya jiko, zimekazika tena lakini hazina uhai. Zimegandana. Hazitelezi, hazirudi. Samli hakuna. Alipiga vilevile, kutoka chini kwenda juu, bega lilelile. Mpira ulinijia bapa na mpole, kimo cha kiuno. Mpira ambao mtoto anaweza kuurudisha.

Nilianza kumwachia. Niliupiga wavuni makusudi. Alisimama.

"Usinifanyie hivyo," alisema. "Cheza."

Nikacheza. Nimemshinda seti zote mbili. Miaka yote nimeiota siku hii. Nilipopiga la mwisho sikuweza kuinua kichwa. Alikuja wavuni, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, na hapo ndipo nikasikia analia. Sikuwahi kumsikia. Analia kwa sauti nene, kama mwanamume.

Alhamisi, 23 Novemba

Amekuja na raketi na kisu. Inanga ya Silivesta imekatika nyuzi. Speransia anataka kujifunza, na huko hakuna tena anayejua kusokota utumbo. Aliniuliza kama nitaona vibaya.

Nilimshikia fremu. Alizitoa kuanzia pembeni, polepole, akizivuta kwenye matundu bila kuzikata pasipolazimu. Nyingine zilikuwa zimekatana nusu zilipopishana, hizo aliziweka kando. Nzuri alizizungusha kwenye kiganja akazifunga kwa kitambaa. Kazi ilichukua muda wa chai kupoa.

Fremu amenisukumia. Kitu chepesi mno. Nilipitisha mkono wangu katikati, ukatokea upande wa pili.

Kesho anakwenda.

Jumamosi, 25 Novemba

Nimefua. Nimesahihisha madaftari. Sikutoka.

Jumamosi, 2 Desemba

Mwalimu mwenzangu, wa jiografia, ameniuliza kama nitamfundisha tenisi. Nimesema hakuna raketi ya pili. Ni kweli. Nimefurahi kwamba ni kweli.

Jumapili, 17 Desemba

Nimepata lifti ya gari la maharage, nimekwenda kumwona.

Nilimpita bila kumjua. Niliona mwanamke wa kitenge ameinama mbele ya kibanda, anapuliza moto, nikataka kumwuliza anapokaa Sista Perpetua. Akainuka. Kichwa kilikuwa wazi. Nywele zake fupi zina mvi nyingi, hasa mbele. Miaka kumi na zaidi, na sikujua kama ana mvi. Hatujatofautiana sana umri. Nilimtazama mpaka akashika kichwa.

"Nimezeeka?" akauliza.

"Hapana."

Jenerosa alikuja mbio akilia, amejikwaa. Alilia "Mama" na akaenda moja kwa moja kifuani kwake. Perpetua alimpangusa kidole cha mguu kwa ncha ya kitenge, akakipuliza, bila kuacha kuniuliza habari za shule. Nikamweleza. Mitihani, paa la darasa, nani amehamishwa. Naye akanieleza kwamba mahindi ya mgao yana wadudu, kwamba Speransia ameanza darasa chini ya turubai, kwamba usiku kuna baridi.

Alileta ungo wa maharage, akauweka kati yetu. Tukachambua. Mawe huku, mabovu huku. Mikono yake ni myepesi kuliko yangu, imekuwa hivyo siku zote. Mawingu yalikuwa yanashuka upande wa Burundi. Jenerosa alilala palepale chini, kichwa kwenye paja lake.

Gari lilipopiga honi nilisimama. Yeye hakuweza, mtoto asije akaamka. Aliinua uso tu. Nikatia kiganja changu cha mwisho cha maharage kwenye ungo, nikaondoka taratibu, nisipige kishindo.